Pipi za Kwenye Buti la Gari? Mimi Simo

Wiki iliyopita nilikuta kikaratasi kimebandikwa mlangoni petu. Kilieleza kwamba mwaka huu, kwa ajili ya usalama wa watoto, pipi za Halloween, ile sikukuu ambayo watoto huvaa kama mizimu na wanyama wakapita wakiomba pipi, hazitagawiwa nyumba kwa nyumba mtaani, bali zitatolewa kwenye mabuti ya magari, katika uwanja wa maegesho, Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri. Nilikisoma mara mbili, mifuko ya sokoni ikiwa bado mkononi. Saa nane mchana! Ni mzimu gani huo unaotembea jua likiwa utosini?

Nimeishi Minneapolis, Marekani, miaka 12, na nimezoea kwamba jirani wa hapa anaweza kukupungia mkono kila asubuhi kwa miaka mitano bila kulijua jina lako. Hapigi mtu hodi pasipo ahadi. Hata aletaye kifurushi hukiacha kizingitini na kutoweka kama mdaiwa. Usiku mmoja tu katika mwaka, tarehe 31 Oktoba, mambo hubadilika: taa ya barazani ikiwaka, maana yake ni karibu, na mtoto yeyote, awe wa mwenye nyumba kubwa au wa mhamiaji aliyeshuka uwanja wa ndege mwezi uliopita, anaruhusiwa kubonyeza kengele, kusema maneno yake na kupokewa kwa tabasamu. Mimi niliyekulia Tanga, ambako siku ya Idi tulizunguka tukidai mkono wa Idi hata kwa watu ambao hatukujua undugu wetu nao ulipitia wapi, sikuhitaji kufafanuliwa usiku huo. Na usiku huo ndio wanaotaka kuufungia ndani ya buti la gari.

Eti usalama. Anayeogopwa ni yule mtu atiaye sumu kwenye pipi. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amefuatilia madai hayo kwa miongo kadhaa, wala hajapata tukio hata moja lililothibitika la mtoto kuuawa na mtu baki kwa pipi za Halloween. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Texas mwaka 1974, na aliyemlisha mtoto yule sianidi alikuwa baba yake mzazi, kwa tamaa ya fedha za bima. Kwa mantiki hiyo, watoto wangepaswa kukimbilia kwa majirani.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba magari ni hatari ya kweli usiku huo, na kwamba mtoto wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda ngazi za watu. Basi mtaa ufungwe kwa saa tatu, na wenye ngazi washuke na mabakuli yao. Kuhusu baridi, sitaki hata kusikia: mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka hapa siku hiyo hiyo ya Halloween, ikaendelea hadi ikapita sentimita 70, na waliokuwa watoto wakati huo wanaisimulia mpaka leo kama vita waliyoshinda.

Kwetu baridi ina dawa yake: vazi hununuliwa kubwa, koti livaliwe ndani. Mwaka ambao mwanangu alikuwa simba, alionekana kama simba aliyemeza mbuzi mzima. Siku chache kabla ya Halloween tunachonga boga. Watoto hukomba ndani kwa vijiko, nami huchukua mbegu, nikazikausha, nikazitia chumvi na pilipili na kuzioka. Nyama ya maboga hayo nilijaribu mara moja kuipika kwa nazi, nikaambulia maji. Wakirudi, pipi humwagwa zuliani. Kwanza hutolewa zote zenye karanga, kwa kuwa binti yetu ana mzio, kisha soko hufunguliwa: chokoleti moja kwa pipi tatu za kijiti, kwa makelele ambayo madalali wa Kariakoo wangeyaheshimu. Mimi hukusanya ushuru. Ndugu wanaoiona Halloween kuwa ya shetani, na kunitumia sauti za dakika saba kuhusu hilo, waendelee kutuombea.

Mwaka 2019 mama yangu alikuwa kwetu. Alianza kwa kuning'akia: “Mwanangu, unawafundisha wajukuu zangu kuombaomba?” Hata hivyo, jioni alivuta kiti mlangoni, bakuli mapajani, kanga juu ya koti la baridi. Kila mtoto aliyefika aliulizwa, “Mtoto wa nani wewe?” Nilitafsiri, na vijifuvu vya mifupa vikainua vinyago na kutaja majina. Kilichomkera ni wazazi waliobaki chini njiani na tochi zao. Alikataa katakata kuelewa kwa nini mtu asimame nje kwenye baridi ilhali mlango uko wazi, akawapungia waje, akaniagiza chai ya tangawizi. Yule jirani wa ng'ambo ya barabara, niliyemjua kwa kiganja tu, alikunywa vikombe viwili barazani petu akiwa amesimama, akatutajia jina lake.

Jumamosi sitaonekana kwenye maegesho. Tarehe 31 taa yetu itawaka, na tangawizi nimeshanunua.