Nyumba ya Vizazi Vitatu: Kubwa, au Inayogawanyika?

Mtu anayeanza kujenga leo Chanika, Kibaha au Bunju mara nyingi anawafikiria watu wengi kuliko wale anaoishi nao. Yupo mama aliyebaki kijijini, ambaye magoti yameanza kumsumbua. Yupo mdogo wake anayesoma chuo. Wapo watoto wake mwenyewe, ambao baada ya miaka 15 watahitaji mahali pa kuanzia maisha. Swali analokwenda nalo kwa fundi ni kama ajenge nyumba moja kubwa ya kuwatosha wote, au ajenge ndogo ya mume, mke na watoto, na wengine awasaidie hukohuko waliko. Mimi naona ukubwa ni jambo la pili. La kwanza ni kama nyumba hiyo inaweza kugawanywa, na kuunganishwa tena, bila kubomolewa.

Wanaotetea nyumba kubwa wana hoja ambayo haipuuziki. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wa miaka 70 na kuendelea, lakini Tanzania Bara haina malipo kama hayo kwa wazee wote, kwa hiyo mkulima au mama lishe aliyezeeka hana pensheni nyingine ila watoto wake. Kumtunza aliye mbali ni nauli, ni simu za usiku, ni kumlipa mtu wa kumwangalia. Akiwa nyumbani anaonekana, anakula chakula cha moto, na yeye naye anawalea wajukuu wakati wazazi wao wako kazini.

Upande wa pili nao unasimama juu ya mambo ya kweli. Kaya za Tanzania zinapungua ukubwa: sensa ya 2012 ilipata wastani wa watu 4.7 kwa kaya, na ile ya 2022 ikapata 4.3. Anayejenga vyumba saba leo huenda akabaki navyo vitupu, huku akiendelea kulipia paa na rangi. Kisha kuna ugomvi, ambao wahenga hawakuuficha waliposema kwamba vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Jiko moja lenye wanawake wawili wazima, kila mmoja na namna yake ya kupika, huzaa maneno. LUKU moja huzaa swali la nani alinunua umeme mara ya mwisho na nani alipiga pasi. Na katika jamii zetu nyingi, mke wa mtoto kupishana na baba mkwe mlangoni mwa bafu ni fedheha ambayo hakuna uzuri wa vigae unaoweza kuiondoa.

Pwani yetu imewahi kulijibu swali hili kwa zaidi ya njia moja. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mgeni alipokelewa dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, na tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, akaishia hapo. Kadiri ulivyovuka kiwanda, yaani ua wa ndani, na kuingia misana, vile vyumba virefu vinavyofuatana, ndivyo ulivyokaribia ndani, sehemu ya wenye nyumba peke yao. Binti alipoolewa, baba alimwongezea ghorofa juu au alimjengea nyumba ya jirani, na wikio, lile daraja linalopita juu ya kichochoro, likaziunganisha nyumba mbili ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Familia ilikua, na nyumba ikakua pamoja nayo. Hata hivyo tusiisifu kwa jicho moja: ukaribu huo uliwafungia wanawake nyumbani, na sakafu ya chini ilikuwa ghala na makazi ya watumwa.

Mfano wa pili ni wa watu wa kawaida, na kwangu ndio wenye mafunzo makubwa zaidi. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ina baraza mbele, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba pande zote mbili, mara nyingi vitatu kwa vitatu, na uani kwa nyuma kwenye jiko, bafu, choo na stoo. Vyumba vyake vinakaribiana ukubwa na vyote vinafungukia ukumbini, ndiyo maana kimoja kiliweza kuwa cha bibi mwaka huu, cha mpangaji mwaka kesho, na cha kijana aliyeoa mwaka unaofuata, bila kugusa ukuta hata mmoja. Kodi ya vyumba viwili ililisha nyumba nzima. Kasoro zake zinajulikana pia: ukumbini kila mtu anamsikia kila mtu, na mzee anayeamka usiku lazima avuke uani gizani, pengine mvua ikinyesha, kwenda chooni.

Ramani zinazouzwa sana siku hizi zimeondoa kasoro hizo na kuleta nyingine. Kuna chumba kikubwa cha wenye nyumba chenye choo ndani, vyumba viwili vya watoto visivyoingia zaidi ya kitanda na kabati, sebule kubwa, na mlango mmoja wa heshima. Kila chumba kimeshapewa mtu wake kwenye karatasi. Mama anapofika kutoka kijijini hupewa chumba cha watoto, watoto wakahamia sebuleni, na baada ya mwezi nyumba ya kifahari inaishi kama ya kupanga.

Ninachopendekeza ni ramani yenye vyumba viwili, si kimoja, vyenye choo na bafu ndani, na kimojawapo kiwe chini, upande wenye mlango wake wa kutokea barazani au uani. Leo ni cha mama. Kesho ni cha kijana aliyeoa. Kesho kutwa ni cha mpangaji, au ni chenu wenyewe mtakapozeeka. Mlango wa chumba hicho na wa bafu lake uwe na nafasi ya kupita isiyopungua sentimita 80, kwa maana milango myembamba ya vyoo tunayoizoea haipitishi kiti cha magurudumu. Mteremko nao uhesabiwe mapema: kwa kipimo kinachotumika sana cha 1 kwa 12, sakafu iliyoinuliwa sentimita 45 kutoka ardhini inahitaji njia ya mita 5.4, na mwenye kiwanja kidogo akiligundua hilo baada ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, amechelewa. Bomba la maji na la maji taka lipitishwe katika ukuta ambao siku moja utabeba jiko la pili, na nyaya zigawanywe ili mita ya pili iweze kufungwa.

Suala la ghorofa ndilo gumu zaidi. Msingi na nguzo za kubeba ghorofa vinaongeza gharama tangu siku ya kwanza, na Dar es Salaam imejaa nyumba ambazo nondo zake zimechomoza juu kwa miaka mingi zikila kutu katika hewa ya chumvi, zikisubiri ghorofa isiyokuja. Kwa mwenye kiwanja cha kutosha, ningemshauri aache nafasi ya kupanuka kuelekea uani. Mwenye kiwanja kidogo ndiye mwenye sababu ya kulipia msingi mzito.

Kuhusu mvuto, sioni kwa nini nyumba hii iwe mbaya. Fedha inayokwenda kwenye paa la kuficha, lile linalositiriwa nyuma ya kuta, ambalo huvuja mifereji yake isiposafishwa, inatosha kujenga baraza pana lenye kivuli, na baraza likijengwa vizuri ni pambo kuliko ukuta wowote wenye taa.

Lipo jambo moja ambalo ramani haiwezi kulitatua, nalo ni umiliki. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini ulinzi huo haumgusi mama aliyeuza shamba ili bati zinunuliwe. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo inaruhusu jengo kugawanywa kwa hati tofauti, ila familia chache huwaza hati wakati wa kumwaga zege. Makubaliano ya nani alichangia nini yaandikwe mbele ya mashahidi kabla ya msingi kuchimbwa.

Na kabla ya hayo yote, mama aulizwe kama anataka kuja. Aletwe akae wiki mbili, hata kwenye nyumba ya kupanga, ionekane anaamka saa ngapi, jioni anapenda kuketi wapi, na mara ngapi anauliza habari za migomba yake. Mchoraji aitwe baada ya hapo.