Uhuru wa Haiti haukutoka vitabuni

Katika picha aliyochora Girodet mwaka 1797, Jean-Baptiste Belley amevaa sare ya mbunge wa Ufaransa, mshipi wa rangi tatu kiunoni. Ni Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa Saint-Domingue, koloni tunaloliita leo Haiti, akajikomboa, akawa askari, kisha mbunge jijini Paris. Lakini mchoraji hakumwacha asimame peke yake. Amemwegemeza kwenye sanamu ya marumaru ya kichwa cha Raynal, mwandishi Mfaransa aliyeupinga utumwa kwa kalamu. Picha ni nzuri, ila huniudhi. Ni kana kwamba bila mzee yule mweupe nyuma yake, Belley angeanguka.

Wapo wengi bado wanaotusimulia historia hivyohivyo: wanafalsafa wa Ulaya, kina Locke na Rousseau, waliandika, watawaliwa wakasoma, wakaamka. Kwa walowezi wa Marekani waliojitangazia uhuru mwaka 1776, sawa, sibishi. Hoja ya haki za kuzaliwa nazo waliichukua kwa Locke karibu ilivyo. Locke mwenyewe alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyouza watumwa, na Jefferson, aliyeandika katika tamko lao la uhuru kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki mamia ya watu. Mwaka huohuo wa 1776, huku kwetu Kilwa, Mfaransa Morice alikuwa akifunga mkataba na sultani wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Hao wote waliishi katika Zama za Mwangaza, enzi ya wanafalsafa wa Ulaya waliohubiri akili na haki.

Saint-Domingue ilikuwa na watumwa karibu nusu milioni Tamko la Haki za Binadamu la Mapinduzi ya Ufaransa lilipotoka Agosti 1789. Matajiri wa mashamba waliliona ni lao: wakadai viti bungeni na nafasi ya kujiamulia mambo. Weusi na machotara waliokuwa huru nao wakadai chao. Mmoja wao, Vincent Ogé, akavunjwa mifupa kwenye gurudumu mbele ya umma, Februari 1791. Na Ogé hata hakuwa akiwatetea watumwa! Alitaka tu usawa kwa watu huru wa rangi yake.

Agosti mwaka huo watumwa wa kaskazini waliyatia moto mashamba ya miwa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Afrika, na baadhi walikuwa wamepigana vita Kongo kabla ya kuuzwa. Wengi hawakujua kusoma. Kitabu cha Rousseau kingewafundisha nini kuhusu minyororo?

Falsafa ilikuwa na kazi yake, lakini baadaye, kama silaha ya kumbana adui kwa maneno yake mwenyewe. Sonthonax, kamishna wa Ufaransa koloni humo, alitangaza uhuru wa watumwa Agosti 1793 kwa sababu alihitaji askari dhidi ya Wahispania na Waingereza. Bunge la Paris likaufanya sheria tarehe 4 Februari 1794, Belley akiwa ndani. Kuanzia hapo Toussaint Louverture, kiongozi wa waasi aliyewahi kuwa mtumwa, alikuwa na kauli ya Ufaransa yenyewe ya kuishikilia. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliporudisha utumwa katika makoloni jirani mwaka 1802, watu wa Saint-Domingue walielewa kwamba zamu yao inakuja. Louverture alishakamatwa kwa hila na akafia gerezani Ufaransa, ila jeshi la Dessalines, jenerali wake, lilimaliza kazi, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangazwa.

Wanafunzi wa Mwangaza walimlipaje aliyeyachukua maneno yao kwa uzito? Mwaka 1825 Ufaransa iliidai Haiti faranga milioni 150 kuwafidia waliopoteza mashamba na watumwa. Simón Bolívar naye, mpigania uhuru wa Amerika Kusini dhidi ya Hispania, alipokimbilia Haiti akiwa ameshindwa, Rais Pétion alimpa silaha mwaka 1816 kwa sharti moja tu, awaachie huru watumwa wa huko anakokwenda. Bolívar alipowaita ndugu zake wa Amerika kwenye mkutano wa Panama wa mwaka 1826, Haiti haikualikwa.