Mtungi kwa mwezi, mkaa kwa kopo

Mama ntilie wa Manzese hanunui nishati ya mwezi. Alfajiri anachukua kopo la mkaa la kuchemshia maharage. Akishauza sahani za mchana anarudi kuchukua jingine la wali wa jioni. Kujaza mtungi wa gesi wa kilo sita kunataka elfu ishirini na kitu, taslimu, siku hiyohiyo. Mpigie hesabu ya mwezi umwonyeshe kwamba gesi haipishani sana na mkaa, atakuitikia kwa heshima, kisha atamtuma mtoto kwa muuza mkaa.

Serikali inataka watu waache kuni na mkaa, na ina hoja nzito. Kwa takwimu zake, Watanzania wapatao 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yanayohusishwa na moshi wa jikoni. Mkakati uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi, kama gesi na umeme, ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 zilikwishapewa hadi mwisho wa Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa. Moshi una gharama zake ambazo hakuna muuza mkaa anayezitaja: siku za kazi anazopoteza mama aliyelala wodini na mtoto mwenye nimonia, saa za kutafuta kuni, macho yanayokwisha mapema. Hizo nazo ni fedha.

Ila shule ambayo wazazi walikuwa wakichangia kuni sasa inaletewa ankara ya gesi. Hazikuwa bure kuni zile, lakini hazikudai shilingi, na mwalimu mkuu anaijua tofauti hiyo kuliko waandishi wa mkakati.

Na mkaa ni ajira. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa biashara hii inaingiza dola milioni 650 kwa mwaka nchini, wakati kahawa ilikuwa kwenye milioni 60 na chai 45. Fedha hizo humpitia mchomaji, mwenye baiskeli, mwenye lori, hadi anayepima kwa kopo. Huko Kilosa, vijiji vilivyotenga misitu ya kuchoma mkaa kwa mpango vilijenga madarasa kwa ushuru wake. Gesi yetu ya mitungi, kwa upande mwingine, inakuja kwa meli na kulipiwa kwa dola. Hata hivyo kilio cha wafanyabiashara wa mkaa nakisikiliza kwa sikio moja: ripoti hiyohiyo ilisema serikali ilikuwa ikikosa mapato ya takriban dola milioni 100 kwa mwaka, maana sehemu kubwa ya magunia ilipita bila kulipiwa chochote.

Jirani zetu Kenya walionyesha jinsi ya kujikwaa. Mwaka 2018 walipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, mkaa ukapanda bei. Mwaka huohuo mafuta ya taa yakaongezewa tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita ili yasichanganywe na dizeli. Mwenye kipato kidogo angekimbilia gesi, lakini Julai 2021 nayo ikarudishiwa VAT ya asilimia 16. Ilishushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023.

Sisi tuna kikwazo chetu, nacho kiko kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Jiko la presha la umeme huivisha maharage bila hata kumaliza uniti moja, na pengine ndilo jibu rahisi kuliko yote mjini, kwa kuwa umeme hununuliwa kidogokidogo kama mkaa. Lakini kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mradi asizidishe 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila ya ziada ni 350. Kwa hiyo nyumba yenye taa, feni na friji ndogo ikianza kupikia umeme, inavuka mstari kabla mwezi haujaisha, na chungu cha mwisho wa mwezi kinaiva kwa bei mara tatu na nusu ya kile cha mwanzo. Muuza mkaa wa mtaani, yeye, kopo lake ni bei ileile tarehe 1 na tarehe 30.