Mtungi upo ukutani, lakini ndani mtupu

Mwandishi wa makala yenu kuhusu ukaguzi wa majengo ameeleza vizuri jinsi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linavyokagua majengo, na kwamba Sheria ya mwaka 2007 inawapa mamlaka ya kuingia na kukagua. Naomba ukaguzi huo ufike hadi kwenye maghala ya vijijini huku Kongwa, mkoani Dodoma. Ghala tulilokuwa tunahifadhi alizeti liliwaka kiangazi, na upepo wa huku mnaujua. Nilikimbilia mtungi wa kuzimia moto ukutani: mshale wa presha umelala kwenye nyekundu, pini imeota kutu. Nikaubonyeza hivyohivyo, ukatoa pumzi tu. Tukabaki na ndoo na mchanga, kina mama wakipokezana maji ya kisimani hadi mikono ikachubuka. Tuliokoa nusu.

Jambo jingine ni maji. Gari la zimamoto hubeba maji ya dakika chache tu, kisha lazima lijaze. Mkaguzi akija kijijini aulize: litajaza wapi? Pampu ya kisima ina koki inayoingiliana na mpira wa gari? Na watoto wetu shuleni wafundishwe namba 114 ya zimamoto, maana wengi bado wanajua ya polisi peke yake.