Kuta za Philadelphia zimenikumbusha mjomba wangu wa Tandika

Wadau, huu mwaka wa sita niko Philadelphia, Marekani, na leo nataka niongelee kuta. Kila asubuhi nikienda kazini napanda treni ya juu inayopita Market Street upande wa magharibi, na njia nzima nakuwa nasoma barua. Barua kweli kabisa, mwaka 2009 jamaa anaitwa Stephen Powers, mtoto wa huko huko West Philadelphia ambae zamani alikuwa anachora grafiti, alirudi kwao akachora kuta 50 kando ya reli, zote maneno ya mtu anamwandikia mpenzi wake, unasoma mstari treni inapita, unasubiri ukuta unaofuata. Siku ya kwanza nilikumbuka majina ya kanga na maandishi nyuma ya daladala nikasema mbona hiki kitu tunacho siku zote.

Mji huu una michoro ya ukutani kwa maelfu, na mingi imetokana na mradi mmoja wa jiji ulioanza 1984, wakati meya Wilson Goode anapambana na vijana waliokuwa wanaandika ovyo kwenye kuta. Akaletwa mchoraji mmoja, mama Jane Golden, akakaa na wale wale vijana akawapa rangi na kuta kubwa wachore mchana kweupe. Mimi hapo ndo nilipowaheshimu.

Ila msidhani ni raha tupu. Nyumba za huku zimeshikana mtaa mzima, sasa moja ikibomolewa ya jirani inabaki ubavu wazi, mrefu, hauna hata dirisha, na hapo ndo wanachora. Yaani sehemu nyingi unaposimama kushangaa mchoro, palikuwa na nyumba ya watu. Alafu mtaa ukianza kupata hela kile kiwanja kinauzwa, ghorofa linapanda, mchoro unazibwa. Karibu na ninapokaa kulikuwa na bibi amechorwa ghorofa tatu kwenda juu, sasa hivi limebaki jicho moja na ncha ya kilemba. Iliniuma sana, nilishamzoea.

Mwaka juzi nilienda kusaidia kuchora kwenye ukumbi wa kanisa moja hapa jirani. Mchoro wanaugawa vipande kwenye kitambaa chepesi cha parashuti, kila sehemu ina namba ya rangi, watoto wanapaka, wazee wanapaka, kuna vingine vinapakwa na wafungwa huko huko gerezani, alafu mafundi wanavipandisha ukutani kwa gundi. Mimi nilipewa namba 14, rangi ya udongo. Nilipaka saa mbili nzima sijui ni nini. Baadae napita nakuta kipande changu kiko juu kabisa, kumbe ni kiwiko cha mama amebeba mtoto. Nilipiga picha nikamtumia mama yangu hapo hapo.

Sasa mjomba. Mjomba wangu alikuwa anaandika maduka Tandika, Dar es Salaam, vichwa vya saluni, ng'ombe wa buchani, samaki wa mgahawani, hata ramani ya Afrika kwenye ukuta wa shule ya msingi niliyosoma ni mkono wake. Anakuja na makopo ya rangi ya mafuta, chupa ya mafuta ya taa ya kuoshea brashi, na uzi ameupaka unga wa mkaa, mnaushika huku na huku anaufyatua, pap, mstari umenyooka ukuta mzima. Mi ndo nilikuwa namshikia uzi. Herufi anapiga kwa mkono, hafuti. Malipo njoo kesho, njoo keshokutwa, na hakuna hata mmoja aliyemwita msanii. Ng'ombe mmoja alimchora siku mbili, mpaka mikunjo ya shingo, ikaja kampuni moja ya simu ikapiga duka zima rangi yake bure, asubuhi moja tu ng'ombe hayupo.

Na sio kwamba hatujui kuthamini, Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi, akafariki 1972, leo jina lake ni jina la uchoraji mzima. Lakini picha zile tunawauzia wageni wakatundike sebuleni kwao. Mtu wa Mbagala anayesubiri daladala saa nzima anaangalia nini? "Marufuku kukojoa hapa", tangazo la vocha, basi. Huku mtaa maskini kabisa unaitwa mkutano kuulizwa ukutani tuweke nani, na fundi analipwa na jina lake linaandikwa chini pembeni. Serikali za mitaa zetu hilo haliwashindi kabisa, mafundi wapo, rangi ipo, ukuta wa soko upo.

Mwezi uliopita nilimtuma mdogo wangu azunguke Tandika atafute chochote cha mjomba. Kapata kimoja, kichwa cha kijana na panki lake kwenye saluni iliyofungwa, nusu kimebandikwa matangazo. Nimemwambia aongee na mwenye nyumba, matangazo yatoke, rangi ya kurudishia nitatuma hela mimi.