Mafunzo ya wakufunzi yasiishie kwenye chai na cheti

Mwandishi wa makala ninayoijibu asema wakufunzi wa vyuo hapa Mombasa wanolewe kufundisha mtandaoni na darasani. Naafiki, lakini isiwe kuonyeshwa vitufe vya Zoom (ya mikutano ya video) na Moodle (ya kuweka masomo mtandaoni) tu. Machi 2020 vyuo vilipofungwa, wakufunzi wengi walihamishia mhadhara wa saa mbili kwenye skrini vilevile ulivyo. Mwanafunzi wa Kisauni anayetegemea bando la simu akapotelea njiani. Wakufunzi wafundishwe kukata somo vipande vifupi, kutuma sauti na maandishi pale video inapokuwa nzito, na kuuliza swali kila baada ya kipande. Na wenzetu wanaofundisha kazi za mikono kama uchomeleaji je? Nadharia iende mtandaoni, saa za karakana ziongezwe. Halafu mkufunzi wa kibarua, yule anayelipwa kwa saa, alipwe pia kwa muda wa mafunzo, la sivyo atahudhuria kwa jina tu.