Mwenyewe Yuwaja

Kuna jambo nataka mwenye elimu anieleze. Ukimlipa kinyozi, hunyoa yeye. Ukimlipa mchimba kisima, huchimba yeye, wewe wakaa zako kivulini na kahawa chungu. Sasa mwimbaji nimemlipa shilingi 1,500, mbona nimeimba mimi?

Jina lake silitaji. Ana mashabiki, na mashabiki wa zamani ndio wabaya zaidi, siku hizi ni watu wazima, wengine mawakili. Sisi maskani twamwita Mwenyewe. Ni wa zama zile za mwanzo wa bongo fleva, miaka ya 2000 na kitu, P-Funk yuko Dar es Salaam na Bongo Records yake, kina Lady Jaydee, Ray C, TID, Dully Sykes na Juma Nature wanatamba, na matatu ya Kisauni ikikosa kanda zao hupandi, wasubiri inayofuata hata kama kazini umechelewa. Sasa juzi niko sebuleni nimejiwekea wimbo wangu, binti yangu Rukia apita kwenda jikoni, asema, "Baba naye na zilipendwa zake." Zilipendwa! Zilipendwa ni Fadhili William na Daudi Kabaka, mambo ya marehemu babangu. Hizi zangu nimezipenda juzi. Hata sijamaliza kuzipenda.

Basi Shombo ndiye aliyeleta balaa. Shombo auza samaki Kongowea. Jina lake halisi walijua wazazi wake na chifu, sisi la kwetu tulimpa kwa kutumia pua. Alirusha tangazo kwenye grupu ya WhatsApp: Mwenyewe yuwaja Diani, Jumamosi, laivu na bendi kamili, milango kufunguliwa saa kumi na mbili jioni, kawaida 1,500, VIP 5,000. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: HASARA ROHO, PESA MAKARATASI. Huyo ni mtu ambaye makaratasi yake sijayaona mpaka leo. Tiketi yake nilimlipia mimi kwa M-Pesa, na shukrani niliyopata ilikuwa picha ya kidole gumba.

Mama Rukia nilipomweleza, aliweka chini kisu cha kukatia vitunguu.

"Mwaenda wanaume wanne, watu wazima, mpaka Diani, kumwangalia mwanamume mwenzenu akiimba?"

"Ni sanaa, mama."

"Haya. Hiyo sanaa ikiisha, unga pia umekwisha."

Tukawa wanne: mimi, Shombo, Mwalimu, na Babu Tairi. Babu Tairi ana duka la matairi na ana Probox, na ukiwa na Probox kwenye kundi la watu wasio na gari, wewe ndiwe rais. Mafuta tukachanga. Mwalimu akashika daftari la mchango, kwa sababu ni mwalimu na kwa sababu hakuna mwingine aliyeaminika.

Sasa sikiliza uone watu walivyo. Kutoka Kisauni kwenda Diani, mtu mwenye akili ashuka daraja la Nyali, akata mji, apanda feri Likoni, aibukia ng'ambo. Ukienda kwa miguu feri ni bure kabisa. Gari ndilo hulipa. Babu Tairi akasema feri hapandi, yeye hasubiri meli ya mtu. Na kweli, Kilindini meli ikiwa yaingia bandarini, feri yasimama, na wewe wasimama nayo, wahesabu makontena ya watu huku jasho lakutiririka. Kwa hiyo, asema rais, twaenda na barabara ya Dongo Kundu. Yaani tupite Makupa, Changamwe, Miritini, tuzunguke nchi nzima ndipo tuteremkie Kwale. Shombo akamuuliza, "Babu, wakimbia meli au wakimbia ada ya feri?" Hakujibu. Mimi nilimwelewa. Ada ya feri ingetoka mfukoni mwake. Mafuta yalikuwa ya mchango.

Ndani ya gari dirisha la upande wangu halishuki, la Mwalimu halipandi. Tulipofika madaraja mapya Mwalimu akaanza somo: daraja la Mwache mita 660, la Mteza mita 1,440, pesa za Wajapani, andikeni. Babu Tairi akasimamisha gari juu ya Mteza tupige picha, mahali ambapo hata mtoto ajua gari halisimamishwi. Shombo akapiga picha zipatazo arobaini na zote ni za uso wake. Pale ndipo nilipoanza kuona simu ile itatuletea matatizo.

Saa kumi na moja na nusu tuko langoni, tumetangulia hata mabaunsa. Hii ndiyo shida ya umri wetu. Ukiambiwa saa kumi na mbili, waenda saa kumi na mbili. Watoto wa siku hizi wakiambiwa saa kumi na mbili wajua huo ni wakati wa kuanza kutafuta shati. Tukafungwa utepe mkononi, tukaingia, uwanja mtupu, viti vya plastiki vimepangwa mbele. Nikakaa. Akaja kijana, "Mzee, hapo ni VIP." Nikatazama kiti. Ni kile kile cha plastiki cha harusini, ila kimefungwa utepe mweupe mgongoni. Utepe huo ndio shilingi 3,500 zilizobaki. Sisi wa kawaida tulikuwa na nyasi.

Maji chupa ndogo, 200. Nikamuuliza muuzaji kama ni maji ya Zamzam. Hakucheka. Mshikaki mmoja 100, na ile nyama ilikatwa na mtu mwenye hesabu kali. Nilikuwa natafuna kijiti nikidhani nimefika kwenye mnofu.

Saa moja ikapita, saa mbili, saa tatu. Kila ukiuliza: yuwaja. Mwenyewe yuwaja, yuko uwanja wa ndege. Mwenyewe yuwaja, yuko hotelini aoga. Mtu gani aoga saa tatu nzima? Nimeoa miaka mingi, nina dada watano, sijaona kuoga kwa namna hiyo.

Kumbe kabla ya Mwenyewe kuna wasanii chipukizi. Wao walikuja mapema, na walikuwa wengi, wallahi sijui walikuwa wamefichwa wapi. Mmoja ashuka, wawili wapanda. Kila mmoja avaa miwani ya jua, saa nne ya usiku. Kila mmoja ataka kelele. "Nipigieni kelele!" Nikupigie kelele kwa lipi, mwanangu, wewe mwenyewe ndiwe kelele. Mshereheshaji naye kazi yake ni swali moja tu: "Mombasa mpo?" Watu: "Tupooo!" Mwalimu asimama, shingo imemtoka mishipa: "Hapa si Mombasa! Diani ni Kaunti ya Kwale!" Hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi, na mimi nilimsikia mara zote. Kila likija swali, na yeye ajibu. Mimi wa Kisauni nimetoka Mombasa, nimezunguka Miritini na Mteza, nimefika kaunti nyingine, kisha naulizwa kama Mombasa nipo. Ningekuwa nipo Mombasa ningekuwa nimelala.

Magoti yangu, mimi kazi yangu ni kuchomelea mageti, kutwa nimechuchumaa. Kusimama saa saba kwenye nyasi si kazi niliyosomea. Babu Tairi alitandaza mkeka wa gari akalala chali, akasema aamshwe Mwenyewe akifika. Watu wakawa wamruka kwenda kununua soda.

Saa saba na nusu ya usiku, moshi ukafuka jukwaani, taa zikazimika, zikawaka. Akapanda mtu. Mimi nilidhani ni mwenye spika amekuja kudai pesa zake. Maana yule tuliyemjua kwenye kava ya kanda alikuwa kijana mwembamba, shati wazi mpaka kitovuni. Huyu kitovu kilimtangulia jukwaani, yeye akafuata nyuma. Si kwamba namsema. Na mimi mshipi wangu nimeuongeza tundu kwa msumari. Lakini mimi sijauza tiketi.

Nikatafuta ile bendi kamili. Tazama kulia, tazama kushoto. Bendi ilikuwa kijana mmoja na laptopu.

Kijana akabonyeza. Na hapo, nisiseme uongo, mdundo ulipotoka, nywele zilinisimama. Wimbo ule ule. Uwanja mzima ukaruka, magoti yangu yakasahau kama yananidai. Sauti ya Mwenyewe ikatoka safi, changa, haikuzeeka hata siku moja. Nikasema mashallah, mwili umepanuka lakini koo Mungu amelihifadhi. Kisha Mwenyewe akachukua chupa akanywa maji. Sauti ikaendelea kuimba.

Nikamgusa Mwalimu. "Umeona?" Mwalimu hakuona, macho alikuwa ameyafumba.

Haya, nikasema labda amechoka, safari, kuoga kule kote. Ngoja kiitikio. Kiitikio ndicho nilichokifuata. Kile kiitikio nilimwimbia Mama Rukia dirishani kwao Majengo enzi hizo, mpaka kakake akanimwagia maji. Kikafika. Mwenyewe akainua maikrofoni yake juu, akatuelekezea sisi: "Imbeni!"

Tukaimba! Watu elfu nzima na zaidi, tumelipa, twaimba. Yeye amekaza sikio na mkono, atusikiliza, atikisa kichwa kama mkaguzi wa shule aliyeridhika. Sasa piga hesabu nawe. Beti imeimbwa na laptopu. Kiitikio tumeimba sisi. Yeye alikuja kufanya nini?

Na hao wengine tuseme nawasikia kwa mbali. Sikioni mwangu kabisa yupo Shombo. Shombo ana sauti ya mtu aliyezoea kunadi papa na nguru kwenye soko lenye makelele. Amenyanyua simu juu kwa mkono wa kulia, arekodi kila kitu toka mwanzo, na aimba wimbo wote, beti na kiitikio, tena maneno siyo. Miaka zaidi ya ishirini, na ile beti ya pili bado aiimba "nimekupa kiatu" badala ya "nimekupa viapo". Nikamwambia, "Shombo, yakhe, punguza kidogo nimsikie Mwenyewe." Akaniambia, "Kwani yuwaimba?" Sikuwa na jibu.

Ukaja ule wimbo wa polepole, wa mapenzi yaliyovunjika. Mwalimu machozi yakamtoka waziwazi, mtu mzima na kalamu mfukoni mwa shati. Babu Tairi, ambaye tulimwamsha kwa kumkanyaga, akaenda kusimama peke yake karibu na mnazi, ametupa mgongo. Mimi nilikuwa sawa. Upepo wa Diani una chumvi, na ukichanganya na ule moshi wao wa jukwaani, jicho lazima lichonyote. Hiyo ni sayansi.

Baada ya nyimbo tatu Mwenyewe akasema sentensi ambayo mwimbaji wa zamani hapaswi kuisema popote duniani: "Sasa nimewaletea kazi mpya!" Uwanja wote ukakumbuka una haja ndogo. Foleni ya choo ilifika mpaka barabarani. Na kazi mpya, nataka mjue, aliiimba laivu, mwenyewe, kwa koo lake, mwanzo mpaka mwisho. Sauti ilikuwa nzito na imekwaruza kidogo, na kwa kweli haikuwa mbaya hata kidogo. Angetuimbia vile nyimbo zetu ningekubali hata ule mshikaki. Lakini nilimsikilizia msalani, nimebana, nyuma ya watu thelathini.

Saa tisa tukaondoka. Babu Tairi, baada ya kulala nusu ya shoo, sasa ndiye mwenye nguvu, atueleza njia nzima jinsi Mwenyewe alivyofanya kazi. Tulirudi na feri. Dongo Kundu haikutajwa, mafuta ya mchango yalikuwa yamekwisha na rais mwenyewe alilipa ada kimya kimya, huku Mwalimu aandika daftarini na saa pembeni. Alfajiri niko kitandani, masikio yalia piii.

Saa nne asubuhi naamka, Mama Rukia amekaa sebuleni na Rukia, simu katikati yao. Shombo amerusha video kwenye grupu. Grupu ya maskani? La. Grupu ya harusi ya mpwa wake, ambamo wake zetu wote wamo. Dakika saba. Mwenyewe haonekani, mbele ya kamera pana mwanamke mwenye kilemba kikubwa. Kinachosikika ni Shombo na kiatu chake. Kisha waja ule wimbo wa polepole, na Shombo kwa ajabu ya Mungu anyamaza, na yasikika sauti ya mwanamume alia. Si kulia kwa utu uzima. Kulia kwa kwikwi, na pua.

Mama Rukia akarudisha nyuma. Akacheza tena. Akaongeza sauti.

"Baba Rukia. Huyu alia ni nani?"

"Ni Shombo huyo. Ana moyo mwepesi."

"Shombo ndiye asemaye, 'Yakhe, chukua leso.'"